Tulisema ni presha

Daftari la rambirambi la msiba wa mdogo wangu ninalo mpaka leo. Ni daftari la shule la kurasa 96, jalada la bluu, pembe zimejikunja kwa kushikwa na mikono mingi. Ukurasa wa kwanza limeandikwa jina lake, na chini ya jina, kwa kalamu nyekundu: "Presha." Sijawahi kuona daftari lingine la rambirambi lenye jina la ugonjwa. La kwetu liliandikwa kwa sababu watu walikuwa wanauliza sana, na mtu mmoja wa kamati aliona akiliweka pale mbele atawanyamazisha.

Mdogo wangu hakuwa na presha. Alijiua. Ilikuwa Oktoba 2019, ana miaka 31, mke na mtoto mmoja wa kiume wa miaka 6.

Namna alivyofanya sitaieleza hapa wala popote. Najua wapo wanaosoma maandishi kama haya saa nane za usiku, peke yao, na hao ndio ninaowaandikia kwanza. Kama ni wewe, usikae peke yako usiku huu. Mwamshe mtu. Gonga mlango wa jirani hata kama hamjazoeana. Kukipambazuka nenda hospitali: hapa Mwanza Bugando wapo wataalamu wa magonjwa ya akili, na kama uko mkoa mwingine anza na hospitali ya mkoa. Namba 199 ya Wizara ya Afya haina malipo, na kwa watoto ipo 116. Walioipitia hali hiyo wakatoka wananiambia ni kama dhoruba ya ziwani: inapiga kweli, unajiona umekwisha, halafu inapungua. Wako hai, ndio walionisimulia.

Mimi nauza dagaa Mwaloni, Kirumba. Yeye alikuwa fundi wa kuchomelea, kibanda chake Mabatini, akitengeneza mageti, grili na vitanda vya chuma. Mtaani walimwita Fundi, na mwisho hata Mama akawa anamwita hivyo hivyo. Alikuwa mtu wa utani na mtu wa kula. Ukimwandalia samaki, mifupa anaiacha mieupe.

Kuanzia mwezi wa sita mwaka ule alianza kupungua. Alikuwa amekopa kwa wale wa kausha damu ili anunue vyuma vya kazi moja kubwa, mwenye kazi akamzungusha, riba ikapanda, wakaja wakachukua mashine ya kuchomelea. Fundi asiye na mashine anakwenda kibandani kufanya nini? Alikuwa anakwenda hivyo hivyo, anakaa. Usingizi ukamkimbia. Akaacha kuja jumuiya. Akawa anasema, "Dada, nimechoka." Na sisi tulikuwa tunamjibu, mimi wa kwanza, "Nani hajachoka?" Tukamwambia ajikaze, yeye ni mwanaume. Tukamwambia Mungu hamtupi mja wake. Maneno hayo yote ni ya kweli na hakuna hata moja lililomsaidia.

Jumapili moja akaja kwangu Kitangiri. Amenyoa, amevaa shati lililopigwa pasi. Akanirudishia elfu arobaini niliyomkopesha tangu Pasaka (baadaye nilijua aliuza redio yake). Tukala. Wakati naosha vyombo aliona mlango wa jikoni haufungi vizuri, akatoa kwenye mfuko wa rambo komeo jipya la chuma. Alikuwa amelitengeneza mwenyewe kwa mashine ya rafiki yake, maana nilishamlalamikia habari ya mlango ule tangu mwaka jana yake. Akalifunga kwa skrubu nne. Akalisukuma, akalirudisha, akalisukuma tena, analisikiliza kama mtu anayesikiliza saa. "Sasa hata mimi siingii," akasema. Nikacheka. Usiku ule nilipiga magoti nikamshukuru Mungu kwamba mdogo wangu amerudi.

Jumatano yake ndipo ikatokea.

Nimekuja kujifunza kwamba mtu aliyekaa gizani muda mrefu, halafu ghafla akatulia, akaanza kulipa madeni madogo madogo, kugawa vitu vyake na kuzunguka kusalimia watu, huyo si wa kumwacha ukienda kulala. Siandiki hivi ili umshuku kila anayelipa deni. Naandika kwa sababu mimi nilikiona kitu hicho kwa macho yangu, nikakiita jina lingine.

Tulimpeleka kumzika kwetu Ukerewe. Kwa meli ya Nansio ni kama saa tatu majini. Jeneza lilikaa chini pamoja na mizigo, kati ya magodoro na kreti za soda, sisi tumelizunguka. Abiria wanapita, wanatoa pole, wanauliza aliugua nini. Mama alikuwa anajibu kabla hatujafungua mdomo: "Presha. Ilimpanda ghafla." Nilihesabu, alijibu hivyo mara kumi na moja.

Mwaka mmoja kabla, tarehe 20 Septemba 2018, MV Nyerere ilikuwa imezama karibu na Ukara, watu zaidi ya 200 wakafa. Kisiwa kizima kililia kwa sauti, majina yakatajwa. Hapa Mwanza hadi leo tarehe 21 Mei tunawakumbuka waliokufa na MV Bukoba mwaka 1996, na makaburi yao pale Igoma kila mtu anayajua. Aliyekufa maji analiliwa na mji. Mdogo wangu tulimlilia chini ya kanga, kanga imezibwa mdomoni.

Wazee wakataka azikwe pembeni, nyuma ya shamba la mihogo, asilale karibu na Babu. Katekista akasema misa hakuna, ndiyo kanuni. Nilimwamini, na Mama alimwamini zaidi; aliishi mwaka mzima akijua mtoto wake amefungiwa mlango mbinguni. Kumbe kanuni yenyewe ilishaondoka. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 haiwataji tena waliojiua miongoni mwa wanaonyimwa mazishi, na Katekisimu iliyotoka mwaka 1992, namba 2282 na 2283, inasema kwamba maradhi ya nafsi, hofu kubwa na mateso hupunguza lawama ya mtu, kwamba tusikate tamaa juu ya wokovu wa aliyejiua, na kwamba Kanisa linamwombea. Padri mmoja ndiye aliyetufungulia kurasa hizo akatusomea taratibu, halafu akavuka maji akaja kusoma misa ya mwaka mmoja pale pale kaburini. Mama alilia siku hiyo kilio alichopaswa kulia siku ya mazishi. Kilikuwa kimekaa ndani miezi kumi na miwili.

Ndiyo maana nina ugomvi na lile neno presha. Tulilisema kwa upendo, kumsitiri marehemu na kumsitiri Mama. Lakini ukishasema presha, huwezi kusema tena kinachokuuma. Mtu akija kukufariji anakufariji kwa msiba mwingine. Unakaa mkekani unaambiwa "siku hizi presha imezidi, ni chumvi hii", nawe unatikisa kichwa.

Na wale waliojua ukweli wengi walikuja na maswali. Mlimkosea nini? Mkewe alikuwaje? Kwani hakumfikiria mtoto? Ndugu zangu, ukienda kwenye msiba wa namna hii, maswali hayo yaache nyumbani kwako. Wafiwa wameshajiuliza yote, tena kwa ukali kuliko wako. Wifi yangu aliacha kwenda sokoni mchana kwa sababu ya macho ya watu. Alikuwa ananunua mboga magharibi.

Aliyenisaidia mimi ni mama mmoja jirani, muuza vitumbua, Muislamu. Msiba umekwisha, turubai limeshushwa, ndugu wameondoka, yeye ndipo akaanza kuja. Kila Ijumaa baada ya swala, na vitumbua vyake kwenye sahani iliyofunikwa, kwa miezi kama minne. Siku ya kwanza alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Nisimulie. Fundi alipokuwa mdogo alikuwaje?" Nilimsimulia alivyokuwa anatoroka shule kwenda kuchota furu kwa chandarua. Tukacheka, nikalia, akanimiminia chai. Hakuniambia nisilie wala hakunipa somo. Alilitaja jina la mdogo wangu wakati watu wengine wote walikuwa wanaliruka kama shimo barabarani.

Hatia ni jambo lingine, nalo halijaisha. Lile komeo nalifunga kila usiku. Mwaka wa kwanza kila nikilishika nilikuwa naisikia Jumapili ile yote upya: ningemwuliza, ningemlaza kwangu, ningeikataa ile elfu arobaini nimrudishie mfukoni. Nilianza kuumwa kichwa, chakula hakipiti, mizani naisoma vibaya nawapunja wateja bila kujua. Binti yangu ndiye aliyenipeleka kliniki. Mshauri niliyekutana naye alinisikiliza, halafu akaniambia, "Mama, wewe unaiangalia Jumapili ile ukiwa umeshaijua Jumatano. Siku ile Jumatano ulikuwa huijui." Nilitoka pale nikakaa kwenye jiwe nje ya geti, nikalirudia neno hilo mpaka jua likawa kali. Halikuondoa kila kitu. Liliondoa kiasi cha kuniwezesha kula.

Alinieleza pia kwamba Shirika la Afya Duniani linahesabu watu zaidi ya 700,000 wanaokufa hivi kila mwaka, wengi wao kwenye nchi za kipato kama chetu. Nilimpelekea Mama habari hiyo. Nilidhani itamtisha. Akasema, "Kumbe wamama ni wengi hivyo."

Sasa nieleze ya Mwaloni.

Machi mwaka jana, siku za mbalamwezi. Wasiojua kazi yetu: dagaa wanavuliwa kwa taa wakati wa giza, mwezi ukiwa mkubwa mitumbwi inapumzika na soko linapoa. Makuli wanakaa tu juu ya magunia wakicheza drafti. Kijana mmoja anayenibebea mizigo, wa miaka ishirini na kitu, alikuwa hachezi. Alikuwa amekaa kwenye kingo ya maji, mgongo kwa watu. Siku mbili hivyo. Siku ya tatu akaniletea kisu changu cha kukatia kamba, akasema, "Shikamoo mama. Chukua tu, mimi sitakihitaji tena."

Mwili wangu ulilijua lile kabla kichwa hakijajua. Nikasikia komeo.

Nikamwambia akae. Nikatafuta maneno ya kuzungukia, unajua tulivyo, tunaanza na hali ya hewa. Kisha nikakumbuka nilivyomjibu mdogo wangu, nikaona nisizunguke. "Mwanangu, unafikiria kujiua?"

Niliogopa sana. Wengi tunaamini ukilitaja utakuwa umempa wazo. Nilishaambiwa kliniki kwamba wataalamu wamelichunguza hilo na si kweli. Mwenye wazo hilo ukimwuliza unampunguzia mzigo wa kulibeba peke yake. Lakini kuambiwa ni kimoja, na kufungua mdomo mbele ya mtoto wa watu ni kingine.

Alinitazama kama mtu aliyeitwa jina lake halisi. Akasema, "Ndiyo, mama." Akalia mpaka fulana ikalowa kifuani.

Sikumshauri kitu. Nilimwuliza tangu lini, akaniambia. Nikamwuliza kama ameshapanga, akaniambia, na hapo nikajua leo haendi popote bila mtu. Nikafunga genge. Nikampigia shangazi yake anayeishi Igogo, tukapanda wote daladala. Usiku ule alilala sebuleni kwa shangazi, binamu yake pembeni yake. Vitu ambavyo vingeweza kumdhuru, pamoja na dawa za kilimo za mjomba, tulivitoa ndani ya nyumba kimya kimya vikafungiwa kwingine. Hilo watu hulidharau, wanasema anayetaka hazuiwi. Si kweli. Sri Lanka walipopiga marufuku dawa za kilimo zenye sumu kali zaidi, vifo vya kujiua nchini mwao vilipungua sana, na watu hao hawakuhamia njia nyingine kwa idadi ile ile. Dhoruba inapita, ikimkuta hana cha kushika anabaki.

Kesho yake tulianza na kituo kimoja cha afya. Aliyetupokea alisema mbele ya foleni nzima, "Wenzako wanahangaika kupona, wewe unataka kufa." Kijana aligeuka atoke. Nilimshika mkono wa shati, nikamwambia huyu siye daktari wa mwisho duniani. Tukapanda kilima cha Bugando. Huko walimkalisha kwenye kiti, wakafunga mlango, wakamsikiliza karibu saa nzima. Alipewa dawa na tarehe ya kurudi, na alirudi. Mchungaji wake alimwombea pia, na alimwambia asiache dawa, jambo ambalo nitamheshimu nalo siku zote.

Shangazi yake alikuwa na hofu nyingine: polisi. Alikuwa ananong'ona, "Hawatamfunga?" Kijana hakuwa amejaribu chochote, lakini hofu yake ina mizizi. Kanuni ya Adhabu yetu, kifungu cha 217, inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa. Familia ngapi zinamficha ndani mtu aliyenusurika, badala ya kumkimbiza hospitali, kwa kuogopa maelezo ya polisi? Ghana walilifuta kosa la namna hiyo mwaka 2023. Kenya, Mahakama Kuu ilisema Januari 2025 kwamba kifungu chao kinakwenda kinyume na katiba. Naomba na sisi tufike. Mtu aliyetolewa majini huwa tunamfunika blanketi kwanza.

Kijana yupo. Siku hizi anasindikiza mizigo ya dagaa kwenda Sengerema, anapita daraja jipya la Kigongo–Busisi, na kila akifika ng'ambo ananitumia ujumbe wa neno moja: "Nimevuka." Nimemsomea sehemu hii yote, akasema niiache kama ilivyo.

Limebaki la mtoto wa marehemu. Huyu tulimwambia baba amesafiri, kisha tukamwambia presha. Alipokuwa na miaka 9 mtoto mwenzake alimwambia ukweli shuleni, kwa matusi. Alirudi nyumbani hakuuliza. Alichofanya ni kuacha kula chumvi. Wiki mbili tunadhani ni ukaidi, kumbe anapima: kama baba alikufa kwa presha, na presha ni chumvi, basi yule mtoto mwongo. Nikikumbuka hilo mpaka leo koo linanikaba.

Tulimkalisha, mama yake na mimi. Nilisema, "Baba yako aliugua kwenye mawazo. Ugonjwa ule ulimfanya aone hakuna njia, na akajiua. Alikupenda. Wewe hukufanya kosa lolote, wala mama yako." Alikaa kimya. Akauliza, "Na mimi nitaugua?" Nikamwambia watu wengi hawaugui, na wewe ukisikia mawazo yamekuwa mazito, kuna kuyasema na kuna dawa, na sisi hatutakujibu kwamba kila mtu amechoka. Akauliza kama jioni ile anaweza kula samaki wa chumvi. Akala wawili.

Agosti mwaka huu tumekwenda Ukerewe kujengea kaburi. Mwenyewe, ana miaka 12 sasa, ndiye aliyeandika jina la baba yake kwenye saruji mbichi kwa msumari, polepole, ulimi nje.

Wakati wa kurudi meli ilijaa. Mama, miguu inamsumbua, alibanwa kwenye benchi karibu na mwanamke mmoja mwenye kapu kubwa la machungwa. Wakasalimiana, wakaulizana walikotoka. Mama akasema ametoka kujengea kaburi la mwanawe. Yule mwanamke akasema pole sana mama, alikuwa anaumwa nini?

Nilifungua mdomo nimsaidie. Mama akaniwekea mkono gotini.

"Alijiua," akasema. Kwa sauti yake ya kawaida, ile ya kuulizia bei.

Yule mwanamke hakusema kitu. Alitazama maji kidogo. Kisha akainama, akalivuta kapu lake upande wa pili, Mama akapata pa kunyoosha miguu.